Fedha ya Kale: Namna ya Kusoma Chapa na Kupima Kabla ya Kununua au Kuuza

Ndugu mlaji, neno "fedha" lina maana mbili katika lugha yetu: madini meupe yang'aayo, na zile noti na sarafu tunazotumia dukani. Katika somo hili, "fedha" ni madini, na kile unachomlipa muuzaji tutakiita "pesa". Tofauti hiyo ina umuhimu, kwa kuwa hasara nyingi huanzia pale ambapo mtu hutoa pesa nyingi kwa kitu alichodhani ni fedha.

Somo limeandaliwa kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo, ingawa litamfaa mlaji popote alipo. Kanuni yake ni moja: chapa, uzito na asili ya kitu lazima vikubaliane. Kimoja kikipingana na vingine, usitoe pesa.

Vitu hivi vilifikaje kwetu?

Nyanda za juu za Buha hazikuwa mbali na njia za biashara. Misafara ya pwani ilifika Ujiji katika karne ya 19, na kwa njia hiyo zilikuja bangili, mikufu na reale za fedha. Utawala wa Wajerumani ulileta rupia, na reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, shilingi za Afrika Mashariki zilirudi na vijana waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wamisionari na maofisa wa serikali nao walikuja na vijiko, sahani na vikombe kutoka Ulaya.

Kwa hiyo, kukuta kitu cha kale cha fedha katika sanduku la bibi si jambo la ajabu. La muhimu ni kujua umekuta nini.

Hatua ya kwanza: Soma chapa

Tumia kioo cha kukuza au kamera ya simu. Tazama nyuma ya mpini wa kijiko, chini ya kikombe, au karibu na kifungo cha mkufu.

Vyombo vya Uingereza huwa na chapa kadhaa zilizopangwa kwa mstari. Simba anayetembea huonesha kuwa sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha safi. Chapa nyingine hutaja mji kilipokaguliwa chombo: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, ngome ni Edinburgh, na taji ni Sheffield hadi mwaka 1974. Ipo pia herufi ya mwaka na herufi za jina la fundi. Kichwa cha mfalme au malkia, kikiwa miongoni mwa chapa hizo, ni alama ya kodi iliyotumika kati ya mwaka 1784 na 1890.

Vyombo vya Ujerumani vilivyotengenezwa tangu mwaka 1888 huwa na mwezi mwandamo, taji na namba, mara nyingi 800. Vya Ufaransa huweza kuwa na kichwa kidogo cha mwanamke aliyevaa kofia ya chuma, chapa iliyoanza mwaka 1838.

Herufi EPNS zina maana tofauti kabisa. Chombo chenye herufi hizo kimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kisha kikapakwa fedha kidogo juu. Vivyo hivyo, namba 90 au 100 kwenye kijiko cha Ujerumani hueleza kiasi cha fedha kilichotumika katika kupaka, wala si usafi wa chombo.

Tukumbushe mambo mawili. Namba 925 ikiwa peke yake ni dai tu, kwa kuwa mtu yeyote mwenye nyundo na muhuri anaweza kuigonga. Kwa upande wa pili, mapambo mengi ya kale ya Oman na Zanzibar hayana chapa yoyote, na masonara waliyafua kwa kuyeyusha reale. Kukosa chapa, basi, hakuthibitishi kuwa kitu ni bandia.

Hatua ya pili: Itambue sarafu

Sarafu haina chapa ya sonara, lakini uzito na usafi wake uliwekwa kisheria. Hizi ndizo zinazohusika zaidi na eneo letu:

Rupia 1 ya Kijerumani. Ina sura ya Kaisari Wilhelm II mwenye kofia ya tai. Zile za mwanzo zina jina la Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani; kuanzia mwaka 1904 zina maneno "Deutsch Ostafrika", na herufi A (Berlin) au J (Hamburg). Uzito ni gramu 11.66 na usafi ni 917.

Rupia ya India ya enzi za Malkia Victoria na Mfalme Edward VII. Uzito na usafi ni sawa na rupia ya Kijerumani.

Reale ya Maria Theresa. Uzito ni gramu 28.07 na usafi ni 833. Zote huandikwa mwaka 1780, hata zilizopigwa miaka mingi baadaye. Mwaka huo hauthibitishi umri wake.

Shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba mbele ya milima. Ya miaka 1921 hadi 1946 ina gramu 7.78, na robo tu ya uzito huo ndiyo fedha. Ya mwaka 1948 na kuendelea haina fedha kabisa.

Pesa ya shaba ya Kijerumani na heller 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 si za fedha, ingawa zina thamani ya kihistoria.

Hatua ya tatu: Pima

Anza na sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, hivyo kitu kikivutwa, kikatae. Kisipovutwa, bado hujamaliza, kwa kuwa shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba navyo havivutwi.

Kisha tumia mizani ndogo ya kidijitali kama ile ya wanunuzi wa dhahabu. Hakikisha ina stika ya Wakala wa Vipimo. Pima kitu kikiwa kikavu, uandike uzito. Weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Funga kitu kwa uzi mwembamba, ukizamishe chote bila kugusa kuta wala chini ya glasi, usome namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Jibu likikaribia 10.3, kitu kinaendana na fedha ya 917 au 925. Likiwa kati ya 8.4 na 8.9, yaelekea ni shaba, shaba nyeupe au nikeli iliyopakwa. Kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye mawe, kitu chenye uwazi ndani, wala sarafu yenye fedha kidogo kama ile shilingi.

Usikwangue, usisugue kwa mchanga au majivu, wala usimwagie tindikali. Tindikali huunguza ngozi na macho, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani mbele ya wakusanyaji.

Hatua ya nne: Kokotoa thamani

Zidisha uzito kwa usafi. Rupia 1 ina gramu 11.66 mara 0.917, yaani takriban gramu 10.7 za fedha safi. Bei ya fedha katika soko la dunia hutangazwa kwa wakia moja yenye gramu 31.1. Rupia tatu, kwa hiyo, hukaribia wakia moja. Tazama bei ya siku hiyo, gawanya kwa tatu, utapata thamani ya madini ya rupia moja. Shilingi ya mwaka 1924 ina chini ya gramu 2 za fedha.

Wakusanyaji huweza kulipa zaidi ya thamani ya madini kwa sarafu adimu iliyotunzwa vizuri. Rupia 2 za mwaka 1893 na 1894 ni mfano, na kwa sababu hiyohiyo huigizwa. Halisi ina gramu 23.32.

Madai ya kukataa

Akija mtu akidai kuwa anayo rupia inayovuta punje za mchele au kuzima tochi, na kwamba tajiri anaisubiri kwa mamilioni, fahamu kuwa hakuna sarafu ya namna hiyo. Akikutaka uchangie "gharama za kipimo" au "za mtaalamu" kabla ya mauzo, huo ni mtego. Mtu anaweza kuuza ng'ombe au shamba la mihogo kwa ajili ya kipande cha shaba nyeupe, naye mwenye rupia asionekane tena. Mnunuzi wa kweli hukubali kitu kipimwe mbele ya mashahidi, hutoa risiti, na hakuharakishi. Ukitapeliwa, toa taarifa polisi mapema, ukihifadhi ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo.

Uliza pia kitu kimetoka wapi. Kikombe cha ibada kinachouzwa gizani huenda kimeibwa kanisani. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kale: hayatolewi nje ya nchi bila kibali. Ukifukua kitu cha kale, usiendelee kuchimba. Toa taarifa kwa uongozi wa serikali wa eneo lako.

Maswali ya kujipima

1. Bangili ina gramu 62 ikiwa kavu. Ikizamishwa, mizani inasoma 7.1. Je, ni fedha ya 925?
2. Muuzaji anasema reale yake ni ya mwaka 1780 kwa kuwa imeandikwa hivyo. Utamjibu nini?
3. Kijiko kina herufi EPNS na kinang'aa sana. Utakilipia bei ya fedha?

Majibu: (1) Hapana, 62 kugawanya kwa 7.1 ni takriban 8.7. (2) Mwaka huo huandikwa kwenye zote, hivyo umri wake haujathibitishwa. (3) Hapana, ni chombo kilichopakwa tu.