Chuo cha Madaktari na Mawe ya Shambani

Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, mawe ya volkeno yamejaa mashambani. Mkulima akilima, jembe linagonga jiwe. Ni kero tupu. Lakini hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilijengwa kwa mawe hayohayo. Vibarua na waashi wengi walikuwa watu wa palepale, basi ujira ukabaki kijijini. Mwaka 2019 chuo kikuu kinachofundisha madaktari kikafunguliwa hapohapo Butaro.

Mtu atauliza: chuo cha siku hizi kina kompyuta, picha za kumulikwa ukutani, na masanamu ya kujifunzia kutibu. Je, vitu hivyo vitakaa katika nyumba ya mawe? Vitakaa, mradi mjenzi apange mapema.

Kompyuta huchakaa baada ya miaka michache. Ukuta mzuri hupita miaka 50. Kwa hiyo nyaya zisifukiwe ndani ya lipu. Zipitishwe ndani ya bomba, au mfereji wenye kifuniko. Zikipitwa na wakati, fundi anavuta za zamani, anaingiza mpya, habomoi kitu. Ukuta ukitobolewa kila mara, fedha za vitabu zinaishia kwenye saruji!

Penye joto kuna jambo jingine. Pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini. Hapo jua la asubuhi na la jioni linapiga upande mfupi tu, na picha ya ukutani haififii. Madirisha yawe pande zote mbili, upepo upite. Mashine ya baridi iwekwe chumba cha kompyuta peke yake. Kuipoza nyumba nzima, hiyo ni bili ya umeme kila mwezi.