Shangazi, samaki huyu ni wangu au wa kijana?



Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mzaliwa wa Kimulot, ila kazi yangu iko Nakuru. Mwaka jana nilinunua ufito wa kuvulia trauti, nikawa najifunza kuurusha jioni kwenye uwanja wa mpira mpaka watoto wa mtaa wakanizoea. Aprili nilipokuja nyumbani likizo, nilimlipa kijana mmoja wa kijijini shilingi 1,500 anipeleke mto Itare. Alinionyesha pa kusimama, akanichagulia nzi bandia wa kufunga kwenye mshipi, akaninong'oneza samaki yuko nyuma ya jiwe lipi. Wa kwanza alinitoroka kwa sababu nilivuta kwa pupa. Wa pili nilimpata, na alipita kilo moja. Kijana alimpokea kwa wavu, lakini ufito haukutoka mkononi mwangu hata mara moja.

Nyumbani nilimsimulia kila mtu nilivyomvua. Picha niliyowatumia jamaa niliikata, nikabaki mimi na samaki tu. Wiki hiyohiyo kaka yangu mkubwa akasikia habari ya kijana kutoka kwa watu wa senta ya majani ya chai. Tukiwa mezani, mbele ya mke wangu na wakwe zangu, akasema, “Kumbe ni samaki wa kukodi!” Wote wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo ufito uko juu ya kabati. Je, yule samaki alikuwa wangu? Nafikiria kurudi Itare peke yangu bila kumwambia mtu yeyote, nimalize maneno. Nishauri.

Wa Itare

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale ulipoikata picha. Tutafika hapo.

Kwanza nikujibu ulichouliza. Samaki ni wako. Kuna chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za wavuaji wa ndoana, kinaitwa IGFA, kilianzishwa mwaka 1939, na kanuni zake ni kali. Mtu mwingine akiugusa ufito wako wakati unapambana na samaki, hata kwa nia njema, samaki huyo hahesabiwi tena. Lakini chama hichohicho hakimkatazi mvuaji kuwa na mwelekezi, wala hakimkatazi msaidizi kumpokea samaki kwa wavu akishavutwa karibu. Mpaka wameuweka kwenye mkono ulioshika ufito. Ungeshindwa kurusha, kijana asingeweza kukurushia. Uliponasa, hofu ilikuwa yako, na ule uamuzi wa kutovuta kwa pupa mara ya pili ulikuwa wako pia. Hayo yote hayakuwa ndani ya zile shilingi 1,500.

Basi kwa nini neno la kaka yako limekuuma hivi? Mtu hasumbuliwi miezi na mzaha usio na pa kushika.

Wewe ni mtoto wa nyumba ya chai, nitakuuliza la chai. Majani yakifika senta yanapimwa, na kilo zinaandikwa kwa namba ya mwenye shamba. Aliyeyachuma analipwa kwa kilo alizochuma, anakwenda zake. Bonasi ikija, ni ya mwenye namba. Sijawahi kumsikia mtu wa kwenu Konoin akiambiwa chai si yake kwa kuwa hakuichuma kwa vidole vyake. Lakini pia sijamsikia mwenye shamba, aliyeshinda kivulini siku nzima, akisimama sokoni na kutangaza, “Leo nimechuma kilo 60.” Angezomewa hadi Mogogosiek. Watu wetu wanajua kutofautisha “chai yangu” na “nimechuma.”

Na Kiswahili nacho kimekuwekea maneno mawili unayopaswa kuyatenga. Ukisema “nilimvua mwenyewe,” umesema kweli, maana ni mkono wako. Ukisema “nilimvua peke yangu,” umedanganya, maana mlikuwa wawili. Wewe hukulitamka hilo la pili kwa kinywa. Ulilitamka kwa mkasi ulipoikata picha.

Mtazame Eliud Kipchoge, mtoto wa Nandi hapo jirani. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alimaliza mbio za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji 41 walikuwa wakipokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo, na gari lilimtangulia likimulika barabarani mwendo wa kufuata. Kwa sababu ya mpango ule, muda wake haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Ni sawa, maana rekodi zina masharti yake. Lakini niambie ni nani, Kericho nzima na Bomet nzima, aliyesema siku ile kwamba miguu haikuwa ya Kipchoge? Alikimbia mwenyewe. Hakukimbia peke yake, na hakuficha hilo hata kidogo. Wale wawekakasi walionekana na dunia nzima wakimshangilia pale mwishoni, na wengi wao walikuwa mabingwa kwa haki yao. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kumvizia baadaye na kufichua kwamba alisaidiwa.

Umeona kaka yako alipata wapi fimbo ya kukuchapia? Ulimpa wewe. Ungeanza hadithi yako kwa kusema, “Kuna kijana pale kwetu anaujua Itare kama kiganja chake,” asingebaki na siri ya kutoboa. Pengine angekuuliza kijana huyo ni wa nani, naye apelekwe. Simtetei. Kumwaibisha mdogo wako mbele ya wakwe ni kosa, na mkubwa anayejiheshimu angekuita pembeni. Ila huo ni mzigo wake, na hakuniandikia yeye.

Nataka unielewe kwa nini nimeing'ang'ania picha. Marehemu baba yangu alifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya upande huu wetu, enzi zile wageni walipokuwa wakienda kuvua trauti mto Kiptiget. Alituambia kulikuwa na ubao ukutani ambao jina la mgeni liliandikwa, pamoja na uzito wa samaki na tarehe. Wale vijana waliowatangulia wageni kwenye matope, waliojua maji yanapunguza mbio wapi na kingo gani zinateleza, hakuna hata mmoja aliyeandikwa. Baba aliwajua wote kwa majina. Alikuwa akiyataja jioni tukila, kana kwamba anausoma ubao wa pili usiokuwapo, na mimi mtoto nilidhani ni mchezo tu.

Hata hao trauti wenyewe si wenyeji wa mito yetu. Waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, mayai yao yakitoka Loch Leven huko Scotland, na ya kwanza yakatiwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Mayai ya samaki hayapandi mlima yenyewe. Yalibebwa na watu. Grogan huyohuyo ndiye aliyesifiwa ulimwengu mzima kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900, na hiyo pia ilikuwa na wapagazi. Vitabu vinamjua yeye. Sasa wewe, mwana wa Kimulot, ambaye huenda babu yako alibebeshwa mizigo ya namna hiyohiyo, ukaichukua simu yako na kumkata kijana wa kwenu kwenye picha. Hilo limeniuma, mwanangu, na sitajifanya halikuniuma.

Fikiria alichokuonyesha. Trauti huelekeza kichwa upande maji yanakotoka na kungoja chakula kiletwe na mkondo, na hupenda kujikinga nyuma ya jiwe asichoke kupigana na maji. Hayo hata mtu wa Nakuru anaweza kuyasoma. Lakini ni jiwe lipi, saa ngapi, mvua ikiwa imenyesha jana juu Mau au haikunyesha, hayo yamo kichwani mwa mtu aliyekulia kando ya mto ule. Shilingi 1,500 zilikodi siku yake. Miaka aliyoutazama mto hukuilipia, na hakuna bei yake. Kwa kitu cha namna hiyo, tunachoweza kufanya ni kumtaja mtu.

Kuhusu kurudi peke yako bila kumwambia mtu, usifanye hivyo. Msitu wa Mau Kusini-Magharibi una ndovu, ukungu wa kule hushuka ghafla, na mawe ya Itare hayatakuuliza kama umekwenda kumthibitishia kaka yako jambo. Isitoshe, ungekuwa unakwenda na kijana yuleyule kichwani, maana jiwe utakaloliendea ni lile alilokuonyesha.

Ushushe ufito kutoka juu ya kabati. Kama picha nzima bado iko kwenye simu, mpelekee kijana kwanza, kwa sababu nadhani hana hata moja. Kisha iweke palepale ulipoweka ile iliyokatwa, uandike jina lake kama atakuruhusu. Usimweleze kaka yako chochote. Ataiona.

Likizo ijayo, hakikisha leseni yako ya uvuvi haijaisha, mtafute kijana, mlipe siku yake kamili kama mara ya kwanza. Asubuhi mwache akuongoze kama anavyojua. Baada ya chakula cha mchana, mwombe akae ukingoni na chupa yake ya chai asikuonyeshe kitu, wewe uingie majini uanze kutafuta jiwe lako. Ukikosea, mwache akutazame ukikosea. Halafu uniandikie uniambie jioni ile mlizungumza nini njiani mkirudi.