Tumbili na Sauti Zake

Tumbili twamjua sote. Huku Liparamba hukaa katika miti ya kandokando ya mito, nasi humfukuza mashambani. Lakini anayo elimu. Mwaka 1980 wataalamu waliomchunguza huko Amboseli, Kenya, walieleza kwamba anazo sauti mbalimbali za kuonya. Akilia kwa ajili ya chui, wenziwe hupanda mitini. Kwa tai, hutazama juu au hukimbilia vichakani. Kwa nyoka, husimama kwa miguu miwili wakiangalia chini. Mara nyingine mtoto humlilia ndege asiye na madhara. Wakubwa hutazama kwanza. Wakiona ni kweli, nao hulia. Basi, someni Ezekieli 33, habari za mlinzi. Je, sisi wazee wa usharika, tuonapo hatari ikiwajia watoto wetu, twalia, au twanyamaza?