Kuchonga Kibuyu Kikubwa Bila Kukipasua

Kibuyu kinachofaa kuchongwa hujulikana kwa kikonyo chake. Kikonyo kikiwa kibichi, tunda bado linajenga ganda. Ukilikata wakati huo ganda litakuwa jembamba na litanywea likikauka. Subiri kikonyo kigeuke rangi ya udongo na kukauka chenyewe mmeani, kisha ukate kwa kisu kikali ukiacha kipande cha urefu wa vidole vinne. Usikinyonge kwa mkono, maana pale kinapochanika ndipo uozo unapoingilia.

Nazungumzia kibuyu, si boga, na ninayo sababu. Mwaka 2023 Mmarekani Travis Gienger alipeleka kwenye mizani ya Half Moon Bay, California, boga la kilo 1,247. Maboga makubwa huko huchongwa nyuso za watu na majoka, yakatazamwa siku chache, kisha yakaoza. Huku Karungu, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, boga, yaani budho kwa Kijaluo, ni chakula, na majani yake, susa, ni mboga ya jioni. Tunda letu la kuchongwa ni ndugu yake, kibuyu, ambacho kikikauka huwa na ganda gumu la kudumu miaka mingi. Ndicho kilichotoa agwata ya kunywea uji na ajawa ya kuchezesha ngoma. Siku hizi mitungi ya plastiki imeshika nafasi yake nyumbani, na naona ni hasara, kwa sababu ufundi huu hauhitaji mtaji mkubwa.

Ukitaka kibuyu kikubwa, kazi inaanzia shambani. Kando ya ziwa mvua si za kutegemea sana, kwa hiyo panda mwanzoni mwa mvua za masika ili matunda yakomae kiangazi kinapoingia. Uache mmea upande uzio au mti. Tunda linaloning'inia hunyooka shingo. Linalolala chini hupata kitako bapa, jambo zuri ukitaka chombo kinachosimama chenyewe, ila litandikie nyasi kavu au jiwe bapa lisiguse udongo mbichi. Ukitaka matunda machache makubwa, yapunguze yakiwa bado madogo, ubakishe mawili au matatu kwa mmea. Maua ya kibuyu ni meupe na hufunguka jioni, wakati nyuki wengi wamekwisha kurudi mzingani. Ukiona matunda hayashiki, chukua ua dume magharibi na uguse nalo ua jike, lile lenye kibuyu kidogo chini ya petali.

Mbegu za kibuyu chenye ganda nene zitunze, na usipande aina mbili karibu karibu, kwa kuwa huchanganyika. Kule Kitui akina mama wa kikundi cha Kyanika walishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kukusanya mbegu na habari za aina nyingi za vibuyu vya Ukambani. Kazi kama hiyo ingefaa sana huku kwetu Nyatike na Gwassi kabla aina za zamani hazijatoweka.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi, kwa haraka tu. Weka vibuyu juu ya kichanja, visigusane, mahali penye kivuli na upepo, na uvigeuze kila baada ya siku chache. Kikubwa huweza kuchukua miezi kadhaa. Kuvu ikiota juu ya ngozi usishtuke, ni dalili kwamba maji yanatoka. Ila pakibonyea ukipagusa kwa kidole, kimeoza, kitupe. Kilichokauka huwa chepesi, ukikigonga hulia, na mara nyingi mbegu huchezacheza ndani. Ukiwa na haraka iko njia nyingine ya zamani: toboa mdomo, jaza maji, acha nyama ya ndani ioze kwa wiki kadhaa, kisha mwaga, tia kokoto na maji, utikise mpaka ndani patakate. Harufu yake ni kali. Ifanyie mbali na nyumba.

Kabla ya kuchora chochote, ondoa ngozi ya nje. Kifunike kibuyu kwa gunia lililoloa usiku kucha, halafu ukwangue kwa kisu butu na waya ya kusugulia sufuria.

Zana zenyewe ni chache. Utahitaji nusu ya ubapa wa msumeno wa chuma, wenye meno madogo, uliofungwa mpira wa tyubu upande mmoja uwe mpini. Utahitaji kisu kifupi chenye ncha, msharasi wa fundi viatu, kijiko cha zamani kilichonolewa ukingo kwa tupa, na msasa. Hapo jifunze kwa wachongaji wa mawe wa Tabaka, Kisii, ambao hupiga msasa jiwe likiwa limeloa maji. Nunua msasa wa maji, anza na ule wa kukwaruza, umalizie na laini. Vumbi la kibuyu kikavu hubeba kuvu na huumiza mapafu, kwa hiyo fanyia kazi nje, uso umefungwa barakoa, na ganda likiwa na unyevu kidogo.

Mstari wa kukatia hauwi sawasawa ukiuchora kwa macho tu. Panga matofali au vipande vya mbao mpaka urefu unaoutaka, laza penseli juu yake, ncha ikigusa ganda, kisha zungusha kibuyu huku penseli imetulia. Toboa tundu kwa msharasi juu ya mstari, ingiza msumeno, ukate kwa mikono miepesi. Ukisukuma kwa nguvu, ganda hupasuka kufuata njia yake lenyewe. Ukikaribia mwisho, mwenzako ashike kipande cha juu kisining'inie, maana uzito wake peke yake hutosha kurarua sentimita za mwisho.

Ndani kwangue kwa kile kijiko. Kikiwa cha chakula, jaza maji moto, mwaga kesho yake, rudia mpaka tone la maji ukilionja kwa ncha ya ulimi halina uchungu hata kidogo. Uchungu huo ni sumu ya jamii ya maboga na huumiza tumbo vibaya. Usiupuuze wala usiufunike kwa sukari.

Kuna njia mbili za kupamba. Ya kwanza ni kuchanja: kwa ncha ya kisu chora mistari isiyopita tabaka la juu la ganda, paka masizi yaliyochanganywa na mafuta, kisha ufute. Weusi hubaki kwenye michanjo tu. Ya pili ni moto. Tia spoki tatu za baiskeli kwenye jiko la makaa, kila moja na mpini wa mti, utumie moja huku nyingine zikipata moto. Mkono usisimame, kwa sababu ukisita hata kidogo unapata doa jeusi. Jaribu kwanza kwenye vipande ulivyokata. Chombo cha chakula kipake mafuta ya simsim au samli, usipake vanishi. Vanishi ni ya pambo la ukutani.

Kwa atakayetaka kuchonga boga kwa ajili ya harusi au sherehe, chagua lenye nyama nene na usitoboe hadi ndani. Mmarekani Ray Villafane alijipatia jina kwa njia hii, kuchonga sura kwenye unene wa nyama yenyewe. Chonga siku moja kabla, lifunike kitambaa kilicholoa usiku, na mabaki yapeleke jikoni.

Kibuyu kikipata ufa, usikitupe. Toboa tundu dogo kwenye mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha toboa jozi za matundu kila upande, umbali wa nusu kidole kutoka ukingoni. Shona kwa uzi wa nyavu, ule wa nailoni unaouzwa kwa wavuvi mjini Sori, ukivuta taratibu mpaka pande zikutane. Kikiwa cha kuwekea nafaka, mshono huo unatosha. Cha maji au maziwa kizibe kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kwa ndani na nje, na usikitie tena kitu cha moto.