Mizani ya Dhahabu na Kihisi Kilichomo Ndani Yake

Soko la Dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na masoko mengine ya madini yakafuata, likiwamo la Kahama mkoani Shinyanga. Tangu hapo mchimbaji mdogo wa Rwamagasa, Nyarugusu au Mwakitolyo anapata mahali panapojulikana pa kuuzia, bei inayotangazwa, na mizani inayosomeka wazi mbele ya macho yake. Bei ameizoea, na aghalabu huijua kabla hajafika. Mizani ndiyo asiyoihoji. Namba zikishawaka kwenye kioo huziamini, kwa kuwa mashine haina ndugu wala rafiki.

Katika makala haya tunaeleza namba hizo zinatoka wapi, ni mambo gani yanayoweza kuzipotosha hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya, na mteja anaweza kuzihakiki vipi. Wachimbaji wengi huhesabu dhahabu kwa pointi, kumi kwa kila gramu. Kasoro ya asilimia moja katika gramu 50 ni pointi tano, nayo haionekani kwa jicho.

Tuanze na mizani ya zamani, ile ya mikono miwili ambayo masonara wameitumia kwa karne nyingi. Dhahabu ikiwekwa upande mmoja, huuzungusha ufito kuuelekeza chini upande wake. Mawe ya mizani yaliyo upande wa pili huuzungusha kinyume. Ufito ukitulia katika usawa, nguvu mbili za kuzungusha zimelingana. Nguvu hiyo hutegemea mambo mawili: uzito uliowekwa, na urefu wa mkono kutoka katikati hadi kwenye sahani. Kwa hiyo mkono mmoja ukiwa na milimita 100 na mwingine milimita 101, mizani itakuwa na kasoro ya asilimia moja, na muuzaji atakayewekewa dhahabu yake kwenye mkono mfupi ndiye atakayepunjwa. Dawa yake ni rahisi. Badilisha sahani: dhahabu ihamie kulikokuwa na mawe, na mawe yahamie kulikokuwa na dhahabu. Ufito usipotulia tena katika usawa, usiuze kwa mizani hiyo.

Mizani hii ina sifa moja ambayo ile ya kielektroniki haina. Mvutano wa dunia huvuta sahani zote mbili kwa kiasi kilekile, hivyo mizani iliyo sahihi Dar es Salaam itakuwa sahihi pia Geita.

Mizani ya kielektroniki hufanya kazi kwa njia nyingine. Chini ya sahani ya mizani nyingi ndogo zinazotumika sokoni kuna kipande cha chuma ambacho juu yake umebandikwa utepe wenye waya mwembamba sana. Uzito ukiwekwa, chuma hupinda kidogo, waya huvutika, na umeme unaopita ndani yake hubadilika. Badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa namba. Kipande hicho pamoja na waya wake ndicho tunachokiita kihisi. Kihisi hakijui gramu wala pointi. Kinachokijua ni jinsi kilivyosukumwa chini, na msukumo huo hutokana na mvutano wa dunia.

Mvutano huo haulingani kila mahali. Hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, na hupungua pia kadiri anavyopanda juu kutoka usawa wa bahari. Geita ipo chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, juu ya ukanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100. Mvutano wa hapa ni karibu 9.78 katika kipimo ambacho huko Ujerumani kaskazini hufikia takriban 9.81. Maana yake ni kwamba mizani iliyorekebishwa kiwandani Ujerumani, ikasafirishwa hadi Katoro na kuanza kutumika bila kurekebishwa upya, itasoma gramu 100 za dhahabu kuwa takriban gramu 99.6 au 99.7. Pointi tatu au zaidi zimetoweka na hakuna aliyeziiba. Iliyorekebishwa kusini mwa China itapoteza kiasi kidogo zaidi, karibu pointi moja katika gramu 100. Hata iliyorekebishwa Dar es Salaam itatofautiana kidogo sana, kwa sehemu chache za mia za gramu.

Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa wafanyabiashara wengi huonyesha cheti cha kiwandani kama ushahidi wa usahihi. Cheti hicho ni cha kweli, ila kinashuhudia hali ya mizani huko ilikotengenezwa. Kwa dhahabu, mizani hurekebishwa pale itakapotumika, na ikihamishwa kutoka mkoa hadi mkoa kazi hiyo hurudiwa.

Kihisi cha aina hiyohiyo kina kazi nyingine katika ukanda huu. Kikibandikwa kwa mshazari juu ya mhimili wa chuma, hakipimi tena msukumo wa chini bali msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha ambayo mafundi huiita toki. Hutumika katika mitambo ya kuchoronga miamba na katika spana za kielektroniki za kukazia nati za magurudumu. Namna ya kukipima ni kurudi kwenye mizani ya mikono: mkono wa urefu unaojulikana hufungwa kwenye mhimili, na mawe yaliyohakikiwa hutundikwa mwishoni. Kilo 10 kwenye mkono wa mita 1 hutoa nyutoni-mita 98.1 kwa mvutano wa wastani uliokubaliwa kimataifa, lakini kwa Geita ni 97.8. Kwa nati ya gurudumu tofauti hiyo haimnyimi mtu usingizi. Kinachostahili kuogopwa na abiria wa basi ni spana isiyopimwa kabisa, au fundi anayesoma kipimo cha Kiingereza cha futi-ratili akidhani ni nyutoni-mita, kwa maana 100 za kwanza ni karibu 136 za pili, na skrubu iliyokazwa kupita kiasi huweza kukatika gari likiwa njiani. Utaratibu wa kimataifa kwa spana za mkono ni kuzipima baada ya miezi 12 au baada ya kukaza mara 5,000, kutegemea lipi litatangulia. Mteja wa gereji ana haki ya kuuliza spana ilipimwa lini.

Turudi sokoni. Kurekebisha mizani ya kielektroniki ni kazi ya dakika mbili: huachwa tupu, hubonyezwa kitufe kilichoandikwa "CAL", kisha huwekwa jiwe ambalo mizani yenyewe imelitaja, tuseme gramu 100. Mizani hukariri kwamba msukumo ule ndio gramu 100, na vipimo vyote vinavyofuata hulinganishwa na jiwe lile. Usahihi wote, kwa hiyo, unalitegemea jiwe. Likiwa na gramu 101 huku limeandikwa 100, mizani itapokea uongo huo kwa utiifu, na gramu 100 za dhahabu zitasomeka 99. Mizani yenyewe ni nzima, waya wake ni wazima, na mchimbaji amepoteza gramu nzima. Hii ndiyo hila tunayoiona kuwa ya hatari kuliko nyingine, kwa sababu haiachi alama yoyote juu ya mashine.

Jiwe linalofaa ni lile lililohakikiwa. Katika daraja linaloitwa M1, jiwe la gramu 100 haliruhusiwi kukosea zaidi ya miligramu 5, yaani nusu ya sehemu ya mia ya gramu. Lishikwe kwa kibano au kitambaa kikavu, kwa kuwa jasho la vidole huacha chumvi na uchafu, na likianguka sakafuni lirudishwe kuhakikiwa kabla halijatumika tena. Sarafu, betri ya simu au risasi ya bunduki si mawe ya mizani, hata kama mwenye duka ameyatumia miaka kumi.

Kurekebisha si kuhakiki. Mwenye mizani anaweza kurekebisha, lakini uhakiki wa kisheria hufanywa na ofisa wa Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, angalau mara moja kwa mwaka, na mizani iliyofaulu huwekwa stika ya uhakiki yenye mwaka wake. Stika ya mwaka uliopita haitoshi. Lakiri iliyokatwa huonyesha kwamba mizani imefunguliwa baada ya ofisa kuondoka, na hapo uhakiki wake umekwisha, hata kama mwaka haujaisha.

Mizani iliyohakikiwa vema bado huweza kutoa namba ya uongo ikitumiwa vibaya. Feni ya dukani ni adui wa kwanza: hewa inayopita juu ya sahani huinyanyua au kuikandamiza, na namba za mwisho hucheza. Mizani yenye kioo cha kuikinga ifungwe kioo chake kabla ya kusoma. Meza iwe thabiti, na kiputo cha pimamaji kilicho kwenye mizani kikae katikati ya duara lake. Mizani nyeti iwashwe takriban nusu saa kabla ya kazi ili joto lake litulie.

Dhahabu iliyotoka kuchomwa ina somo lake la pekee. Bado ikiwa ya moto, huipasha joto hewa inayoizunguka. Hewa hiyo hupanda juu na kuivuta sahani pamoja nayo, na dhahabu husomeka nyepesi kuliko ilivyo. Haraka ya muuzaji hapa humnufaisha mnunuzi. Subiri hadi uweze kuishika kwa mkono bila kuhisi joto, ndipo ipimwe. Jambo jingine halipaswi kuchanganywa na hili: dhahabu iliyochomwa kutoka kwenye zebaki na ambayo haijayeyushwa hupungua uzito ikiyeyushwa, kwa kuwa zebaki na uchafu uliobaki huondoka. Upungufu huo si lazima uwe wizi. Ndiyo maana tunashauri dhahabu ipimwe kabla ya kuyeyushwa na baada yake, na namba zote mbili ziandikwe.

Kisha tazama vitufe. Kitufe cha "TARE" huondoa uzito wa chombo ili ibaki dhahabu peke yake, na kazi yake ni halali. Ila kikibonyezwa chombo kikiwa na kitu kizito zaidi, na kitu hicho kikatolewa, mizani tupu itaonyesha namba yenye alama ya kutoa, na dhahabu yako itaanza kuhesabiwa chini ya sifuri. Dai kuiona mizani ikiwa na chombo kitupu na sifuri kamili kabla dhahabu haijaguswa. Kitufe cha vipimo nacho hubadilisha lugha ya mizani. Mizani nyingi za mfukoni hupima kwa gramu, kwa "ct" ambayo ni karati ya gramu 0.2 inayotumika kwa almasi kama za Mwadui, kwa "oz" ya gramu 28.35, kwa "ozt" ambayo ni wakia ya dhahabu ya gramu 31.10, na kwa "dwt" ya gramu 1.555. Hii ya mwisho ndiyo inayofaa kukumbukwa. Gramu 10 za dhahabu zikipimwa kwa "dwt" husomeka 6.43, na aliyeambiwa kuwa hizo ni gramu ameacha zaidi ya theluthi ya mali yake mezani. Kando ya namba pawe na herufi "g" peke yake.

Kwa kikundi cha wachimbaji wanaouza mara kwa mara, ushauri wetu ni kununua kwa pamoja jiwe moja la gramu 50, kulipeleka likahakikiwe, na kulitunza ndani ya kisanduku chake. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na pointi linazoziokoa. Mkifika dukani, ombeni kwa heshima jiwe lenu lipimwe kabla ya dhahabu: mara moja katikati ya sahani, kisha pembeni, kisha katikati tena. Mnunuzi mwaminifu hatakasirika, kwa kuwa kipimo hicho kinamlinda yeye pia dhidi ya kulipa zaidi. Namba zikitofautiana na 50 kwa zaidi ya tarakimu moja au mbili za mwisho, au zikibadilika jiwe linapohamishwa, ahirisheni mauzo. Ushauri huu unamhusu vilevile anayenunua pete au mkufu kwa sonara mjini Shinyanga. Tofauti ni kwamba yeye aogope namba inayosoma zaidi.

Palipo na mgogoro, dhahabu isiondolewe juu ya meza na mizani isizimwe wala kurekebishwa. Andika namba iliyosomeka, saa, jina la duka na mwaka ulio kwenye stika, kisha umwite ofisa wa soko na kutoa taarifa katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Mizani itapimwa hapohapo ilipo, kwa mawe ya ofisa, mbele ya pande zote mbili.