Wakazi Wema wa Kinywa

Katika mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft katika nchi ya Uholanzi, aliukwangua ukoga uliokuwa baina ya meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuzia alichokisugua kwa mkono wake mwenyewe, na humo akaviona viumbe vidogo mno vikienda mbio. Viumbe hivyo ni bakteria, ambao jamii zao zilizokwisha kujulikana katika vinywa vya wanadamu zapata 700. Nasi twaandika haya ili kuiondoa dhana kwamba wote ni maadui wa siha, kwani wengi wao hawadhuru, na baadhi yao huyahami meno.

Wazee husema jino huliwa na mdudu, na hali kinacholila ni tindikali. Mtu alapo sukari, bakteria waitwao Streptococcus mutans huigeuza kuwa tindikali iyeyushayo madini ya gamba la jino. Walakini jirani zao, kina Streptococcus sanguinis na Streptococcus salivarius, huzitumia arijinini na urea zilizomo katika mate, wakatoa amonia inayoupunguza ukali ule. Mizani hii huharibika mtu anywapo chai ya sukari kidogo kidogo tangu asubuhi hata adhuhuri, au mtoto alazwapo na chupa ya maziwa matamu mdomoni, kwa sababu kila funda huleta tindikali ya nusu saa au zaidi, na wale wema, wasioistahimili, hupungua na kuwaachia waharibifu mahali pao.

Wako pia wakaao juu ya ulimi, ambao huigeuza naitreti ya mchicha na mboga nyingine za majani kuwa naitraiti, nayo mwilini husaidia kuilegeza mishipa ya damu. Kwa hiyo hatuoni vema mtu asukutue kila siku kwa dawa kali ya kuua vijidudu pasipo shauri la daktari, maana dawa hiyo haibagui.

Basi pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala, wakati mate yanapopungua. Na mtoto aliye chini ya miaka mitatu atiliwe dawa kiasi cha punje ya mchele tu. Ufizi ukitoka damu kila mpigapo mswaki, au jino likishtuka kwa maji baridi, nendeni kwa daktari wa meno mapema, msingoje hata usiku ukawa hauna usingizi.