Kutoka mita 100 hadi maili

Kama ulikimbia mita 100 au 200 kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kasi unayo tayari. Maili moja, yaani mita 1,609, inakudai pumzi.

• Anza na mbio za taratibu, dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki. Ukishindwa kuongea na mwenzako, umezidisha.

• Toka alfajiri, kabla jua halijakolea, na kimbia ukitazamana na vyombo vya moto, hasa bodaboda.

• Usifyatuke kama mkimbiaji wa mita 100. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mzunguko wa kwanza wanapaa, wa tatu mabega yamepanda na miguu imekuwa mizito. Mtanzania Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo na mwaka 1975, mjini Kingston, akaweka rekodi ya dunia ya maili, dakika 3:51.0, lakini usimwige kabla hujajenga pumzi.

• Ukitaka dakika 6, kila mita 400 ziishe kwa sekunde 89 au 90.

• Mara moja kwa wiki kimbia mita 400 mara nne kwa mwendo huo. Katikati tembea dakika mbili.

• Hakuna njia ya riadha? Pima kwa kamba kuzunguka uwanja wa mpira wa shule, kisha weka alama.

• Usikimbie kwa vidole vya miguu safari nzima, vigimbi vitakaza.

• Ugoko ukiuma siku mbili mfululizo, pumzika.

• Kasi yako usiiache ipotee: maliza siku nyepesi kwa mita 80 mara nne, bila kukaza uso wala ngumi.